Kafyu ya 2020 na mwanamke asiyeweza kurudi kwao

Tangu matokeo ya utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2022 yatolewe, kuna hoja inayorudiwa Kenya, tena na watu makini: kwamba kelele za mwaka 2020 kuhusu wanawake kupigwa majumbani zilitiwa chumvi. Utafiti wa 2014 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa tangu walipofika miaka 15. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 34. Katikati ya tafiti hizo ilipita korona na kila kilichokuja nayo: kafyu, shule kufungwa, vibarua kukauka. Kama majumba yaligeuka machinjio, wanauliza, mbona hesabu imeshuka?

Wana haki ya kuuliza, na wanaharakati wengi wamewakaripia tu bila kuwajibu.

Chukua takwimu iliyotajwa kuliko zote. Tarehe 1 Aprili 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitangaza kwamba makosa ya ngono yameongezeka sana kwa wiki mbili, na kwamba yalikuwa asilimia 35.8 ya kesi za jinai zilizorekodiwa katika muda huo. Nambari hiyo ikazunguka dunia. Warsha baada ya warsha, hotuba baada ya hotuba, ni 35.8. Lakini itazame vizuri. Ni fungu la jumla, si idadi ya visa. Kuanzia katikati ya Machi mahakama zilikuwa zimepunguza shughuli. Mshukiwa wa kosa dogo aliachiliwa kwa dhamana kituoni na mambo mazito ndiyo yaliyopelekwa mbele. Kesi ndogo zikiondolewa, fungu la kesi nzito litakua hata kama hakuna kosa hata moja lililoongezeka. Zaidi ya hayo, kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kwa hiyo sehemu kubwa ya wiki hizo mbili ilikuwa kabla yake. Na makosa ya ngono si sawa na mume kumpiga mkewe. Nambari hiyo imetwikwa mzigo isioweza kuubeba.

Lakini katika tangazo hilohilo Maraga alisema jambo jingine: kwamba baadhi ya watuhumiwa ni jamaa wa karibu, walezi, au watu wanaoishi na waathiriwa. Hilo halikuzunguka dunia, ingawa ndilo lililostahili.

Mwezi huohuo shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, lilikadiria kwamba miezi sita ya watu kufungiwa ingeleta visa milioni 31 zaidi vya dhuluma za kijinsia duniani. Hesabu hiyo ilianza kwa kudhania kuwa dhuluma zitapanda kwa asilimia 20, na UNFPA halikuficha. Waliozidisha chumvi ni walionukuu, waliogeuza makadirio yakawa visa vilivyokwisha kutokea.

Serikali nayo ina utetezi wake, na si wa kupuuzwa. Machi 2020 hakukuwa na chanjo, malori ya jeshi yalikuwa yakibeba maiti Bergamo, Italia, na vitanda vya wagonjwa mahututi nchini vilikuwa haba. Kenya haikufungia watu ndani kutwa kucha kama Ufaransa au Rwanda. Kafyu mwanzoni ilikuwa ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mchana watu walitembea. Aliyepigwa usiku, wanasema, angeenda kituoni asubuhi.

Hapo ndipo hoja inapochechemea, kwa sababu inamchukulia mwanamke kana kwamba kimbilio lake la kwanza ni polisi. KDHS yenyewe inaonyesha vingine: wanaotafuta msaada wengi huenda kwa jamaa zao, na polisi wako nyuma sana. Mwanamke anayepigwa Kayole, Nairobi, au Changamwe, Mombasa, hurudi kwao. Hufunga nguo chache kwenye leso, hubeba mdogo mgongoni, hupanda matatu ya Kakamega au basi la Kitui, na ndoa inabaki ikisubiri kikao cha wazee. Sisifii mpango huo. Mara nyingi wazee humrudisha kwa mume baada ya wiki mbili na faini ya mbuzi. Lakini humpa nafasi ya kupumua, na humtia mume hofu, maana sasa kwao wamejua.

Tarehe 6 Aprili Nairobi ilizungushiwa vizuizi vya polisi. Siku mbili baadaye ikawa zamu ya Mombasa, Kilifi na Kwale. Viliondolewa Julai. Kwa miezi mitatu njia ya kurudi kwao, ambayo ndiyo makao ya hifadhi ya wanawake wengi wa Kenya, ilikuwa na askari katikati. Ungesema aende basi kwa dada yake mtaa wa pili. Dada anaishi chumba kimoja na watoto wake wote, maana shule zilikuwa zimefungwa, na redioni anaambiwa kila saa asipokee wageni. Aliyekuwa akifua nguo mitaa ya matajiri ameambiwa na mwajiri asirudi mpaka korona iishe, kwa hiyo hata nauli hana. Hakuna takwimu ya 2020 iliyopima haya yote kwa pamoja, na ndiyo maana naona mjadala wa asilimia umetupotosha pande zote mbili.

Na hiyo asubuhi ya kwenda kituoni nayo ina gharama. Aliyebakwa anatakiwa aanze dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza uwezo wake. Kafyu ya mwanzo ilichukua saa 10 za kila usiku. Siku ileile kafyu ilipoanza, polisi waliwarushia vitoa machozi watu waliokuwa wakikimbilia feri ya Likoni, Mombasa, wawahi nyumbani. Siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa roshani ya nyumbani kwao Kiamaiko, Nairobi. Nani angemwambia binti yake atoke saa tatu usiku kwenda kupiga ripoti kwa watu haohao?

Wakosoaji hupenda kusema pia kwamba simu za msaada si ushahidi, na ni kweli, ila si kwa namna wanavyodhani. Shirika linaloendesha namba 1195 lilisema simu ziliongezeka kwa asilimia 301 katika wiki mbili za mwanzo. Huenda vipigo viliongezeka. Huenda namba ilitangazwa zaidi. Huenda milango mingine yote ilikuwa imefungwa ikabaki hiyo. Italia, Machi hiyohiyo, shirika la Telefono Rosa lilisema simu zake zimepungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna aliyeamini kwamba wanaume wa Italia wametulia ghafla. Mume yuko sebuleni, mke atapigaje simu?

Nikirudi kwenye ile asilimia 34: kushuka kutoka 45 ni habari njema na haifai kufichwa. Ila mwanamke aliyepigwa mara moja akaondoka alfajiri, na yule aliyepigwa kisha akakaa miezi mitatu na aliyempiga ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, katika hesabu hiyo ni mmoja na mmoja. Mwenye kusema korona haikuzidisha vipigo anaweza kuwa sahihi bila kuwa amesema lolote kuhusu huyu wa pili.

Ripoti ya shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch ya Septemba 2021 iliilaumu serikali kwa kutohesabu huduma za waathiriwa kuwa za lazima, na lawama hiyo naiona ya haki. Daktari alipita kizuizini, mlinzi akapita, lori la vyakula likapita. Hata maiti alipata kibali cha kwenda kuzikwa mashambani pamoja na waombolezaji 15. Ufaransa, iliyobana watu kuliko sisi, ililipia vyumba vya hoteli na kumruhusu mwanamke aingie duka la dawa aseme neno la siri, “masque 19” (barakoa 19), polisi waitwe. Kwetu ingetosha sentensi moja katika amri, ya kumruhusu aliyepigwa avuke vizuizi, na barua ya chifu.

Nimesikia jibu kwamba ruhusa hiyo ingetumiwa vibaya, kila mtu angejidai amepigwa ili avuke. Bila shaka wengine wangejidai. Aprili 2020 Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alisimulia juu ya watu waliosafiri kutoka Nairobi hadi Homa Bay na jeneza tupu wakijifanya wanakwenda kuzika, na mmoja wao akakutwa na virusi. Vibali vya mazishi havikufutwa kwa sababu yao.