Zilipendwa Pekee Hazitoshi: Kwa Nini Bendi Kongwe za Roki Bado Zinahitaji Nyimbo Mpya

Tarehe 28 Oktoba 2023, wachezaji wa Barcelona waliingia uwanja wa Montjuïc kuwakabili Real Madrid wakiwa na mdomo mwekundu na ulimi uliotolewa nje vifuani mwao. Ni alama ya The Rolling Stones. Siku nane kabla, bendi hiyo ilikuwa imetoa Hackney Diamonds, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya walizotunga wenyewe tangu 2005, na jezi ile ilikuwa sehemu ya kuitangaza. Mick Jagger, mwimbaji wao, alikuwa na miaka 80. Barcelona walilala 2-1, lakini mechi ile ilitazamwa duniani kote, na alama ya bendi iliyoundwa 1962 ikawa mbele ya macho ya vijana ambao babu zao ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza.

Kila bendi ya wazee inapotoa albamu, swali huwa lile lile: ya nini? Mashabiki wanataka zilipendwa, na pesa zimo kwenye zilipendwa. Hoja hii ina nguvu, tena ina takwimu. Marekani, muziki uliotimiza zaidi ya miezi 18 tangu utoke ndio unaochukua zaidi ya asilimia 70 ya usikilizaji na ununuzi wote. Guns N' Roses walizunguka dunia kuanzia 2016 hadi 2019 bila albamu mpya na wakakusanya zaidi ya dola milioni 580. Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, imejaza viwanja kwa miaka mingi ikiwa na mwimbaji Adam Lambert, na hawajawahi kurekodi naye albamu hata moja ya studio. Na yeyote aliyewahi kusimamia ukumbi anajua kinachotokea mwimbaji akisema "huu unatoka kwenye albamu yetu mpya": foleni ya vyooni na ya vinywaji inarefuka papo hapo.

Hayo yote ni kweli. Hakuna wimbo wa Hackney Diamonds utakaoziba nafasi ya Paint It Black, wimbo wa 1966 ambao Spotify peke yake umeshasikilizwa zaidi ya mara bilioni moja. Anayetegemea bendi kongwe irudi na wimbo wa kutamba redioni kama zamani atasubiri sana.

Tatizo langu ni kipimo. Wanaosema nyimbo mpya za wazee hazina soko huzipima kwa mizani ya msanii wa miaka 22, mizani ya kusikilizwa mtandaoni. Mteja wa bendi hizi hanunui hivyo.

Chukua namba moja, 1,250. Kwa kanuni ya Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, iliyokuwa ikitumika Hackney Diamonds ilipotoka, albamu moja ilihesabiwa pale nakala moja inaponunuliwa, au nyimbo zake zinaposikilizwa mara 1,250 na wateja wanaolipia huduma, au mara 3,750 na wasiolipia. Hackney Diamonds ina nyimbo 12. Kwa hiyo msikilizaji anayelipia angelazimika kuipiga albamu nzima, mwanzo hadi mwisho, mara 104 ili alingane na mtu mmoja aliyeingia dukani, akatoa pochi, akaondoka na santuri. Wiki ya kwanza Marekani albamu ile ilihesabiwa nakala 101,000 na kushika nafasi ya tatu, na zaidi ya asilimia 90 ya hizo zilikuwa nakala zilizonunuliwa hasa. Kuifikia hesabu hiyo kwa mtandao mtupu, nyimbo zake zingehitaji kusikilizwa zaidi ya mara milioni 126 ndani ya siku saba.

Sasa iweke hesabu hiyo kwenye pesa. Tuchukue shabiki wa miaka 55 anayesikiliza albamu mpya mara 10 kwa mwaka, jambo la kawaida kabisa kwa mtu mwenye kazi na familia. Akiisikiliza mtandaoni, hizo ni nyimbo 120. Malipo yanayokadiriwa kwa kawaida ni kati ya dola 3 na 5 kwa kila mara 1,000, na fungu hilo wanagawana wenye haki wote. Mwaka mzima wa shabiki huyo unaleta kama nusu dola. Mtu huyo huyo akinunua santuri, analipa dola 30 hivi siku ya kwanza. Toa fungu la duka, toa gharama ya kiwanda, jalada na usafiri, bado kinachobaki kinaizidi ile nusu dola mara nyingi sana. Lakini kwenye orodha za nyimbo zinazosikilizwa zaidi shabiki huyu haonekani. Mchambuzi akitazama orodha hizo peke yake, ataandika kwamba albamu imepita bila kusikika.

Metallica waliliona hilo mapema. Albamu yao 72 Seasons ya Aprili 2023 ilifungua na nakala 146,000 Marekani, na zaidi ya asilimia 90 zilikuwa za kununuliwa vilevile. Mwezi mmoja kabla haijatoka, bendi ilinunua hisa nyingi za Furnace, kiwanda cha kutengeneza santuri cha Virginia. Sababu ni ya kiufundi. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12 hubeba vizuri dakika 20 hadi 22. Ukisukumia zaidi, mifereji inabanana, fundi wa kukata analazimika kushusha sauti, na besi ndiyo inayoumia kwanza. 72 Seasons ina dakika 77, kwa hiyo kila mteja mmoja anahitaji santuri mbili, pande nne, bamba nne za nikeli za kukandamizia. Na foleni viwandani zilikuwa ndefu mno. Mwaka 2020 kiwanda cha Apollo Masters cha California, kilichokuwa kimoja kati ya vichache kabisa duniani vya kutengeneza sahani za laka ambazo muziki hukatwa juu yake kwanza kabla ya santuri kukandamizwa, kiliteketea kwa moto. Kisha mahitaji yakapanda hadi 2022 santuri zikauzwa nakala nyingi kuliko CD Marekani, milioni 41 kwa 33, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1987. Santuri ikichelewa miezi sita baada ya albamu kutoka, yule shabiki wa miaka 55 amesharidhika kuisikiliza mtandaoni. Dola 30 zimegeuka nusu dola.

Zipo njia za kuuza albamu ya wazee zilizoharibika, na ni haki zisemwe. Kwa miaka kadhaa ujanja ulikuwa kuiambatanisha na tiketi: unanunua kiti, albamu unapewa, na chati inaihesabu ukikubali kuipokea. Machi 2018 albamu ya Bon Jovi iliyotoka 2016 ilirudi namba 1 kwa njia hiyo, na wiki iliyofuata ikaporomoka hadi namba 169. Billboard waliacha kuhesabu mauzo ya namna hiyo Oktoba 2020. U2 nao mwaka 2014 waliingiza albamu yao bure kwenye akaunti za wateja wa Apple wapatao milioni 500, wengi hawakuiomba, na kelele zilikuwa kubwa hadi Apple ikaweka ukurasa maalumu wa kuifuta. Kosa lilikuwa moja pande zote mbili: albamu ilimfikia mtu ambaye hakuichagua. Mwaka 2008 AC/DC walifanya kinyume chake. Black Ice iliuzwa katika maduka ya Walmart tu nchini Marekani, mahali ambapo mashabiki wao wanafanya manunuzi ya nyumbani kila wiki, na ikatoka nakala 784,000 katika wiki ya kwanza. Walimfuata mteja alipo, wakamwachia anunue mwenyewe.

Jukwaani ndiko hoja ya zilipendwa inapoonekana haina jibu, na ndiko inapojibiwa vizuri zaidi. Iron Maiden walijaribu njia ngumu mwaka 2006: walipiga albamu yao mpya yote, dakika 72, nyimbo zote kwa mpangilio wake, na zilipendwa chache mwishoni. Niliheshimu ujasiri ule, lakini ulimtaka mtu aliyelipa kiingilio asimame zaidi ya saa nzima akisikiliza nyimbo asizozijua. Katika ziara ya 2023 walikuja na akili nyingine. Walichukua nyimbo tano za albamu mpya, Senjutsu, wakazifunga pamoja na nyimbo tano za albamu yao ya 1986, ukiwemo Alexander the Great ambao katika miaka 37 haukuwahi kupigwa mbele ya watu. Shabiki mkongwe alikuja kwa ajili ya huo, na njiani akazisikia zile tano mpya kwa moyo mkunjufu.

Metallica nao, katika ziara iliyoanzia Amsterdam Aprili 2023, walicheza usiku mbili katika miji mingi bila kurudia wimbo hata mmoja. Kwa mpango huo unahitaji nyimbo zaidi ya 30. Nyimbo mpya zinaenea mbili tatu kila usiku, hakuna anayehisi ameibiwa, na mtu aliyekuwa anunue tiketi moja ananunua mbili. Stones walichagua kuweka nyimbo tatu hivi kati ya 18. Sweet Sounds of Heaven, wimbo mpya wa taratibu, waliuweka mwishoni kabisa, kabla tu ya Satisfaction, wimbo wao maarufu wa miaka ya 1960, na hapo ndipo ninapoona ufundi wa waliokaa jukwaani miaka 60. Wakati huo hakuna anayetoka kwenda chooni, kwa sababu kila mtu anajua kinachofuata. Ziara ile ya 2024, maonyesho 20 Amerika Kaskazini, iliingiza dola milioni 235.

Watasema tiketi zile zingeuzwa hata bila albamu. Nyingi, ndiyo. Lakini tazama tena Guns N' Roses. Kilichouza ilikuwa kumwona mwimbaji Axl Rose na mpiga gitaa Slash jukwaa moja kwa mara ya kwanza tangu 1993, na upatanisho huuzwa mara moja tu. U2 walicheza maonyesho 40 Las Vegas wakiwa na albamu ya 1991 mkononi, ila upya ulikuwa jengo lenyewe, Sphere, lililokuwa linafunguliwa usiku ule wa kwanza. Anayenunua tiketi ya gharama kubwa kwa mara ya tano anahitaji sababu ambayo mara ya nne haikuwepo. Bendi isiyotunga italazimika kuitafuta sababu hiyo nje yake, kwenye ugomvi uliokwisha, jengo, au ziara ya kuaga. Bendi inayotunga inaitoa chumbani kwake.

Kutunga kwenyewe kuna mtego wake, nao ni muda. Chinese Democracy ya Guns N' Roses ilivuta zaidi ya miaka kumi hadi ikatoka 2008, na kufikia hapo hakuna albamu ambayo ingelipa subira ile. Stones nao walikwama na nyimbo nusunusu kwa miaka, hadi Jagger alipoweka tarehe: tunarekodi kabla ya Krismasi 2022, na kazi iwe imekwisha Siku ya Wapendanao. Wakamleta Andrew Watt, mtayarishaji aliyezaliwa 1990, mtu wa kuwasukuma wasirudie gitaa moja wiki tatu. Charlie Watts, mpiga dramu wao, alikuwa ameshafariki Agosti 2021. Dramu zake zimo katika nyimbo mbili, zilizorekodiwa alipokuwa hai. Kwa bendi za umri huu kuahirisha kuna gharama ambayo fedha haifuti.

Halafu kuna suala la nani mwenye mali, linalosahaulika karibu kila mara. Rekodi za Stones za miaka ya 1960, Satisfaction na Paint It Black zikiwemo, ni mali ya ABKCO, kampuni ya aliyekuwa meneja wao Allen Klein. Jagger na Keith Richards, mpiga gitaa wao, wanapata fungu la watunzi, lakini mtu akiitaka rekodi ile kwa filamu au tangazo, mlango wa kugonga ni wa ABKCO. Zile mara bilioni moja za Spotify, zinazotajwa kama ushahidi kwamba hawahitaji kitu kipya, fungu la mwenye rekodi linakwenda kwingine. Wakiingia studio wakiwa na miaka 80 wakatoka na nyimbo 12, zipo nyimbo 12 duniani ambazo hazikuwahi kupita mkononi mwa Klein.