Gari Limepanda, Jeki Imebaki Chini

Fundi aliniuliza swali moja tu kabla hajashika spana. "Bosi, unataka gari lipite kwenye mawe, au lionekane linapita kwenye mawe?"

Nikamwambia nataka yote mawili, aanze na lolote.

Gari lenyewe ni 4x4 la kizamani: ekseli nzima mbele na nyuma, yaani bomba moja linalounganisha gurudumu na gurudumu, springi za koili, na bodi isiyoona haya kukwaruzwa. Lilikuja na matairi ya 265/70R16. Kwa asiyejua kuzisoma hizo namba, 265 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayokwenda kwenye ubavu wa tairi, na 16 ni rimu kwa inchi. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na rimu katikati, unapata tairi la kama milimita 777 kutoka ardhini hadi juu. Mimi nilikuwa nimeshaona picha za 285/75R16, ambalo linafika milimita 834. Nikatoa hapo hapo gereji: 57! Nikatangaza kwamba difu yangu, lile boksi la gia linaloning'inia kwenye ekseli, inapanda karibu sentimita sita.

Fundi alicheka hadi msaidizi wake akatoka chini ya gari jingine kuja kuuliza kuna nini.

"Ekseli iko katikati ya gurudumu, bosi. Unapata nusu. Milimita 28."

"Na zile springi za inchi mbili ulizonionyesha?"

"Zile haziigusi difu hata kidogo. Difu inabebwa na matairi. Springi zinakaa juu ya ekseli, kwa hiyo zinapandisha chesisi, bodi, wewe na shemeji. Difu inabaki kulima barabara pale pale ilipokuwa."

Mtu mwingine angeishia hapo akanunua matairi tu. Mimi nilichukua springi, shokomzoba ndefu, matairi ya matope, na rimu mpya zenye ofseti ya 0 badala ya +30 za zamani, maana yake kila gurudumu lilitoka nje milimita 30 zaidi. Gari likapanua miguu. Lilipendeza, na hilo sitabishana na mtu.

Fundi alinitajia pia vitu vya kuongeza. Mipira mirefu ya breki nilikubali bila kuuliza, kwa kuwa breki hazina mjadala: ekseli ikishuka kwenye shimo, mpira mfupi unavutika mpaka unakatika. Bushi za kurudisha pembe ya ekseli ya mbele nilisema zingoje kidogo. Spea ya kipimo kipya isingeingia kwenye nafasi yake chini ya buti, kwa hiyo tukairudisha ile ndogo ya zamani. Jeki haikutajwa na mtu yeyote. Ilikuwa imelala kwenye kisanduku chake, kimya, inasubiri siku yake.

Safari za mwanzo zilikuwa za fahari tupu. Usiku, kila gari lililokuja mbele yangu liliniwashia taa. Nikawa nawapungia mkono. Watu wanaojua magari wanatambuana, nilimweleza mke wangu. Akaniambia wanaomba nishushe taa zangu, na akanionyesha zinakomulika: juu ya miti. Kumbe ukilinyanyua gari, na taa zinanyanyuka nalo, na mwenye gari dogo anazipokea usoni. Nikazirekebisha, salamu zikakoma.

Stelingi nayo ilikuwa imepoteza adabu. Zile bushi nilizoziahirisha ndizo zinazorudisha mlalo wa ekseli unaofanya magurudumu yarudi katikati yenyewe, na bila huo mlalo gari linazurura. Na nikikata kona hadi mwisho, tairi la mbele linakwangua plastiki ya madigadi: *kwaruuu*. Nikajifunza kukata kona kubwa kubwa, kwa heshima.

Katika hali hiyo ndipo tukaenda kumchukua mama mkwe.

Alisimama mbele ya mlango akalitazama gari kutoka chini hadi juu, bila haraka. Mke wangu akaleta kreti tupu la soda. Mama akapanda kreti, akashika mpini wa mlangoni, mke wangu akamshika mkono, mimi nikaangalia pembeni kama mkwe anavyopaswa. Baada ya kukaa na kujipanga, akasema, "Mkwe wangu, hongera. Umenunua ghorofa."

Njiani akauliza tunakwenda kasi gani. Nikasoma spidimita kwa sauti ya dereva makini: "Themanini, mama." Kutoka kiti cha nyuma mke wangu, simu mkononi, akasema, "Themanini na sita." Tairi likiwa kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja, na spidimita haijui kama nimebadilisha kitu, bado inahesabu mizunguko ya zamani. Hayo niliyaeleza vizuri sana. Mama akafunga mkanda upya.

Tulipita kijito, tukapita mawe, tukapita kilima chenye makorongo, na kila mahali nilikuwa naeleza jinsi ubavu wa matairi haya ulivyo mgumu. Tukarudi kwenye lami laini iliyonyooka, na hapo msumari mmoja ukaingia tairi la nyuma.

Nikatoa jeki. Nikaiweka chini ya chesisi, mahali pake pa miaka yote, nikazungusha. Bodi ikapanda. Nikazungusha tena, ikapanda vizuri tu, ila gurudumu lilibaki chini, limetulia, halina habari. Springi ndefu na shokomzoba ndefu zilikuwa zinafanya kazi niliyozinunulia: bodi ikinyanyuka, ekseli inaning'inia. Jeki ikafika mwisho wa kimo chake na tairi bado lipo barabarani.

Nikaishusha nikatafuta jiwe bapa la kuweka chini yake. Mama, ambaye tulikuwa tumemshusha kwa kreti akakalishwa kwenye hilo hilo kreti kivulini, akauliza kama nina hakika na jiwe hilo. Nikamwambia nina hakika. Jiwe likapasuka vipande viwili, gari likakaa chini taratibu, na mama hakusema neno. Afadhali angesema.

Ndipo kikaja kigari kidogo, cha aina ile inayopita chini ya kioo changu cha pembeni. Akashuka mama mmoja, akazunguka gari langu mara moja, akaenda kwenye buti yake akarudi na kipande kinene cha ubao.

"Toa jeki kwenye chesisi, kaka. Weka ubao, jeki juu yake, chini ya ekseli."

Gurudumu likanyanyuka. Nilipoanza kufunga spea ndogo kule nyuma, akanizuia tena. Nyuma ndiko kunakovuta, akasema. Magurudumu mawili yasiyolingana kwenye ekseli moja yanazunguka kwa kasi tofauti, na difu itasaga njia nzima. Toa kubwa la mbele lilete nyuma, dogo liende mbele ambako linazunguka bure, na usiingize 4x4 hadi ufike nyumbani. Kwa hiyo nilipiga jeki mara mbili, nati zote mara mbili, huku yeye na mama mkwe wakizungumza kivulini kama watu waliosoma darasa moja.

Nilipomaliza nikafungua mlango na kuweka kreti tayari. Mama mkwe alikuwa ameshaingia kwenye kigari kidogo. Alishusha kioo akasema wanapita njia moja, na kwamba nisikimbie kwa ajili yake.

Tuliwafuata nyuma kwa mbali, stelingi ikivutia upande wenye tairi dogo.

Sasa nimenunua tairi la tano, la kipimo kile kile cha mengine. Chini ya buti halikai, mlango wa nyuma haulibebi, na kwenye paa fundi amekataa, anasema gari limeshapanda vya kutosha bila kuwekewa uzito juu. Limekaa kiti cha nyuma, limefungwa mkanda. Mke wangu alimpigia mama yake kumweleza kwamba siku ya kuja kumchukua tutalitoa ili apate nafasi.

"Liacheni," mama alisema. "Limeshakaa, lisisumbuliwe."