Kijana, Simama Tukuone

Leo alfajiri sijanawa hata uso, mjumbe huyo mlangoni. Elfu mbili ya ulinzi shirikishi, na juu yake swali la nyongeza: "Hivi nyie vijana, mbona mikutanoni hamuonekani?"

Shikamoo kwanza, mzee wangu. Mimi nina miaka 34. Sera ya vijana ya 2007 inasema kijana ni kuanzia miaka 15 mpaka 35, kwa hiyo muda wangu wa kulaumiwa unakaribia kuisha. Lakini mikutanoni nilishakwenda, tena kwa miguu yangu.

Mwezi uliopita lilipita gari la matangazo: mkutano wa mtaa, saa tatu asubuhi, vijana wote. Nikapiga shati pasi ya mkaa (umeme mnaujua wenyewe). Saa tatu kamili niko chini ya mwembe. Nikamkuta mbuzi. Tukasubiri wote wawili kistaarabu. Saa nne vikaja viti. Saa tano kikaja kitambaa cha meza na maua ya plastiki. Saa sita kasoro akaja fundi mitambo, akajaribu spika kwa singeli mpaka mbuzi akaondoka zake. Mwenye akili pale alikuwa yeye.

Utambulisho dakika arobaini. Mtendaji, mabalozi, wazee, akina mama, hadi mjane wa mwenyekiti wa zamani. Kisha: "Sasa mwakilishi wa vijana, simama wakuone!"

Akasimama baba mmoja, nywele nyeusi tii, piko ya jana usiku, imemshika mpaka masikioni. Alisimama kwa awamu: mikono magotini, "Ya Allah", halafu kiuno. Huyu alikaa dawati moja na marehemu baba yangu! Mjukuu wake ndiye anayeniuzia vocha.

"Sisi vijana," akakohoa, "sisi vijana tusichague kazi." Makofi. "Sisi vijana tuache simu." Hapo simu yake ikaita. Akaisogeza mbali na macho, akaikaribisha, akaisogeza tena, mwisho akanipa mimi nimsomee. Imeandikwa DAWA YA MGONGO.

Ikafika zamu ya maswali. Nikanyoosha mkono, nikauliza kwa adabu zote: mtaro tuliouchangia elfu tano kila nyumba uko wapi? Maana ulichorwa kwa chokaa, mvua ikaja ikafuta chokaa. Kimya. Mwenyekiti akasema swali zuri, kijana katumwa na nani? Wewe mtoto wa nani? Una nyumba hapa au umepanga?

Nimepanga.

"Aaah." Watu wazima mia moja wakasema "aaah", kana kwamba nimekiri wizi wa kuku. Kikao kikafungwa kwa sala. Soda zikaishia meza kuu.

Na kura msiniambie. Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2019, uchaguzi wa serikali za mitaa, nikafunga kibanda changu nikaenda. Nikaambiwa nirudi nyumbani, mwenyekiti kapita bila kupingwa. Na wajumbe? Nao pia. Sasa nilioga ya nini?

Mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya mapato yake inayotengewa vijana: tukaunda kikundi, tukaandika katiba, katibu akahama na muhuri. Barua ya utambulisho: mtendaji yuko semina. Yuko semina tangu Jumatatu. Semina gani hiyo, jamani, anasomea udaktari?

Mjumbe bado kasimama. Nikampa noti ya elfu tano yaishe. Akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu. "Chenji utaikuta mkutanoni."

Nageuka nyuma ya nyumba, namkuta yule mbuzi. Kala tuta zima la mchicha, amebakiza mizizi. Nauliza ni wa nani, wapangaji wenzangu wanainamisha vichwa. Wa mjumbe. Sasa mbuzi wa mjumbe akila mchicha wa mpangaji, mashtaka unayapeleka kwa nani?