Kutupa Vichezeo au Kuviondoa Machoni?

Kuna mzazi anayesubiri mtoto alale ndipo atoe mfuko mweusi. Anaingia chumbani kwa kunyata, anazoa magari yasiyo na magurudumu, vipande vya fumbo la picha ambalo halijakamilika tangu mwaka juzi, mdoli wa jicho moja, na asubuhi akiulizwa anasema hajui vimeenda wapi. Nimewahi kuwa mzazi huyo. Siku tatu baadaye niliulizwa kilipo kifuniko cha chupa cha rangi ya bluu. Mimi nilikiona taka. Mwanangu alikuwa amekifanya usukani wa meli. Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na ushauri kwamba dawa ya nyumba iliyojaa makorokocho ya watoto ni kupunguza tu, basi, nausikiliza kwa sikio moja.

Hata hivyo, wanaoutoa ushauri huo hawajautoa hewani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililohusu watoto 36 wa umri wa miezi 18 hadi 30. Kila mtoto alicheza mara mbili, dakika 15 kila mara: mara moja alikuta vichezeo 4 chumbani, mara nyingine 16. Vilipokuwa vinne, alikaa na kimoja kwa muda mrefu zaidi na akakichezea kwa namna nyingi zaidi. Vilipokuwa kumi na sita, alishika hiki, akakiacha, akarukia kile. Yeyote aliyeishi na mtoto wa miaka miwili hatashangaa, lakini ni jambo jema kuona limepimwa.

Upo pia upande wa wakubwa. Mwaka 2010 Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha utafiti kuhusu wenzi wenye watoto ambao wote wawili wanafanya kazi. Waliwaomba wawatembeze nyumbani kwao huku wakieleza wanachokiona. Wanawake waliozungumzia mrundikano wa vitu na kazi ambazo hazijaisha walikuwa na kotisoli, ile homoni ya msongo, isiyoshuka vizuri kadiri siku ilivyokwenda. Hapa nasita kidogo. Huenda vitu ndivyo vinavyomchosha mama. Huenda pia mama aliyechoka ndiye anayeviona, wakati asiyechoka anaviruka akaendelea na safari yake. Kwa vyovyote vile, anayesema vichezeo sakafuni vinamkosesha utulivu asiambiwe anadeka.

Basi hoja ya kupunguza ina miguu. Tatizo langu liko katika hatua inayofuata, pale watu wanapotoka kwenye jaribio la Toledo moja kwa moja hadi kwenye mfuko mweusi. Watafiti walipima kilichokuwa mbele ya mtoto kwa dakika 15. Jaribio lao halikuhusu vilivyomo kabatini nyumbani kwa mtoto, na halikusema lolote kuhusu mtoto wa miaka tisa. Walichokionyesha ni kwamba mtoto mdogo hucheza vizuri zaidi akiwekewa vichache kwa wakati mmoja. Kuwekewa vichache si sawa na kumiliki vichache, na tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha kutupa na kuzungusha.

Kuzungusha ni kugawa vichezeo mafungu mawili au matatu, kuacha fungu moja wazi na kufungia mengine mahali asipopaona mtoto, kisha kubadilishana. Wengine hufuata kalenda, kila Jumamosi. Naona afadhali kumfuata mtoto: akianza kupita pembeni ya kikapu bila kukitazama, muda umefika. Kichezeo kilichofichwa wiki tatu hurudi na hadhi ya kitu kipya, bila mtu kununua chochote. Uzuri mwingine ni kwamba usafi wa jioni unakuwa mfupi, kwa sababu kisichotoka hakimwagiki.

Ila kuzungusha kuna gharama yake ambayo watetezi wake hawaitaji sana. Kunataka nafasi ya kuficha, na nyumba inayolalamikiwa kwa kujaa mara nyingi ndiyo isiyo na nafasi hiyo. Tena kunaongeza kazi: kuna mtu mzima anayepaswa kukumbuka, kupanga na kupandisha maboksi juu ya kabati. Mtu huyo ni nani ndani ya nyumba, tunajua. Kwa familia yenye chumba kimoja na boksi moja chini ya kitanda, kupunguza kabisa kunaweza kuwa ndiyo njia ya kweli, na sitamhubiria mtu kinyume chake.

Sasa tumsikilize anayesema tusiguse kitu. Mwaka 1971 Simon Nicholson wa Uingereza aliandika nadharia ya vipande huru: kwamba ubunifu na ugunduzi katika mazingira yoyote hutegemea wingi na aina ya vitu vinavyoweza kuhamishwa, kuunganishwa na kubadilishwa. Kwa hoja hiyo, sakafu yenye vijiti, vitambaa, maboksi na vifuniko ni karakana. Ukiifagia, umefagia na kazi iliyokuwa ikiendelea. Nadhani Nicholson hapingani na Toledo kama inavyoonekana, maana hawahesabu kitu kimoja. Matofali sita ya Lego ya rangi moja, yale yenye vinundu vinane, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Sasa niambie, kikapu cha matofali mia tatu ni kichezeo kimoja au mia tatu? Na roboti linalotoa sauti nne kwa vitufe vinne linahesabiwa vipi? Hesabu ya vichwa haisaidii hapa. Kitu kinachofanya jambo moja tu kinachosha haraka, na vitu vya namna hiyo ndivyo vinavyorundikana, kwa sababu kila kinapochosha kinaletwa kingine.

Wapo waliothubutu kuondoa vyote. Mwaka 1992 huko Bavaria, Ujerumani, ulianza mradi wa shule za chekechea kuondoa vichezeo kwa miezi mitatu, lengo likiwa kuwajengea watoto uwezo wa kujisimamia ili baadaye wasiwe wepesi wa kuingia kwenye uraibu. Meza, viti na mablanketi vilibaki, na watoto wakavigeuza kuwa michezo. Ni fundisho zuri, lakini anayetarajia kupata sakafu tupu kwa njia hiyo atashangaa. Atakuta mito yote ya makochi imekuwa ngome na mashuka yamekuwa mapaa. Hapo vurugu zimebadilisha nguo tu.

Linalonigusa zaidi katika mjadala huu ni suala la mwenye mali. Mwaka 2008 Bruce Hood na Paul Bloom walichapisha jaribio ambamo watoto wa miaka mitatu hadi sita walionyeshwa mashine waliyoambiwa inanakili vitu. Kwa kichezeo cha kawaida, mtoto hakuona taabu kuchukua nakala. Lakini kwa mdoli au blanketi analolala nalo, wengine walikataa kabisa lisiingizwe mashinani, na wengi wa waliokubali walitaka lilelile lao lirudi. Kwa hiyo mzazi anayesema “hili limechakaa, nitamnunulia jipya” anazungumza lugha nyingine. Kwa mtoto, jipya lisilo na harufu ile na kona ile iliyotafunwa si lake. Na mtoto aliyewahi kuamka akakuta vitu vyake vimetoweka hujifunza kuvificha, au kukataa kuachia chochote. Matokeo yake ni mrundikano zaidi.

Wapo wanaoona basi mtoto ndiye aamue. Jaribuni. Mshikie mtoto wa miaka minne kitu chochote, hata kile ambacho hajakigusa tangu aanze kutembea, umuulize kama kitolewe. Atakikumbatia. Swali lenyewe ndilo lililokosewa. Kwangu limefanya kazi kugeuza kibao: badala ya kumuuliza kipi kiondoke, nampa kikapu chenye ukubwa unaojulikana na kumwambia achague vinavyobaki. Visivyoingia vinakwenda kwenye boksi la kusubiri kwa mwezi mmoja. Akikiuliza kitu, kinarudi bila maswali, ila kingine kinampisha. Asipokiuliza, tunakitoa pamoja, mchana, yeye akiona. Mpango huu ni wa polepole, na kuna siku nautamani ule mfuko mweusi.

Kuhusu rafu na maboksi ya kupangia, nitasema machache. Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitalia, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto, yaani shule ya wadogo, huko Roma mwaka 1907, kazi yake iliacha picha inayonakiliwa hadi leo: rafu fupi, kila kitu na mahali pake, mtoto anachukua na kurudisha mwenyewe. Wengi tunanakili rafu na kusahau kwamba iliyopangwa vile ina vitu vichache, na kuna mtu mzima aliyeiandaa kabla mtoto hajaingia. Kununua boksi kwa ajili ya vitu vilivyozidi ni kuongeza kitu kimoja zaidi nyumbani. Na mpango ukiwa wa kinaganaga mno, matofali mekundu huku, ya njano kule, wanyama wa porini mbali na wa kufugwa, atakayeutunza ni mzazi peke yake. Mtoto anaweza kufuata magari hapa, matofali pale, midoli pale. Makapu yasiyo na vifuniko hushinda makasha makubwa, maana kasha kubwa halina mpango: anayetaka cha chini humwaga chote. Likiwa na kifuniko kizito kisichojishikilia kikiwa wazi, linaweza pia kumwangukia mtoto.

Kwenye usalama sina pande mbili. Penye mtoto wa chini ya miaka mitatu na wakubwa zake katika chumba kimoja, vitu vidogo lazima vitenganishwe, hata kama mpango mzima umeshindikana. Kipimo kinachotumiwa kukagua vichezeo vya umri huo ni kikopo chenye upana wa milimita 31.7, kinachozama humo chote kinahesabiwa hatari ya kumkaba. Betri bapa kama kitufe, ikimezwa na kukwama kooni, inaweza kuunguza kwa ndani katika saa mbili tu. Roboti lililovunjika kifuniko cha betri halingoji mwezi wa kusubiri. Wala halifai kupewa mtoto wa mtu mwingine kwa jina la msaada, jambo ambalo tunalifanya mno: tunasafisha dhamiri yetu kwa kumhamishia mwingine taka.

Kuna swali ambalo pande zote mbili hulikwepa, la vitu hivi kuingia kwa mlango gani. Mtoto wa miaka mitatu hana pochi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliochunguza nyumba za familia 32 za mji huo kati ya 2001 na 2005, walieleza kwamba Marekani ina takriban asilimia 3 ya watoto wa dunia lakini hununuliwa asilimia 40 hivi ya vichezeo vyote. Watoto hawakuyafanya hayo. Ni babu na bibi wanaokaa mbali, ni mzazi aliyechelewa kurudi akapitia dukani, ni shangazi anayeogopa kuja mikono mitupu. Ukizungumza na hao, hutahitaji rafu nyingi. Lakini ni rahisi zaidi kumgombeza mtoto kwa sakafu kuliko kumwambia mama mkwe alete kitabu kimoja badala ya begi.

Hata Marie Kondo, Mjapani aliyefahamika duniani kwa kufundisha watu kuachana na vitu, alikiri mwaka 2023 kwamba tangu apate mtoto wa tatu amelegeza kamba na nyumba yake imevurugika. Nilipolisoma hilo nilipumua.

Kifuniko cha bluu hakikupatikana. Meli ilipata usukani mwingine, kifuniko cha mtungi, chekundu, kikubwa zaidi. Wiki tatu sasa kimo kwenye boksi la kusubiri. Bado hajakiuliza.