Cheti cha Ndoa Mlangoni mwa Umoja wa Akina Mama

Kila parokia ya Kanisa la Uganda, yaani la Kianglikana, inapofungua daftari la wanachama wapya wa Mothers' Union, chama cha akina mama wa kanisa hilo ambacho kwa Kiswahili tunakiita Umoja wa Akina Mama, swali ni lile lile. Mama ameishi na mume miaka kumi na mitano, amezaa na kulea, Jumamosi hakosi kufagia kanisa, lakini hawajafunga ndoa mbele ya kasisi. Aandikwe? Desturi inasema hapana: anayeandikwa ni mke wa pete. Wapo viongozi wa akina mama wanaoilinda desturi hiyo kwa nguvu zote, na wapo wanaoona kwamba imeanza kula malengo ya umoja wenyewe. Pande zote mbili zina hoja nzito kuliko zinavyokubaliana.

Umoja huu ulianzishwa na Mary Sumner, mke wa kasisi wa Old Alresford karibu na Winchester, Uingereza, mwaka 1876. Alichokiona ni kwamba wanawake, matajiri kwa maskini, walikuwa wakikabidhiwa watoto bila yeyote kuwaonyesha jinsi ya kuwalea katika imani. Malengo yanayosomwa leo ni matano: kutetea na kutegemeza ndoa, kuwasaidia wazazi kuwakuza watoto katika imani, kudumisha ushirika wa Wakristo duniani kote katika sala, ibada na huduma, kupigania hali ya jamii inayoifaa familia na kuwalinda watoto, na kuwasaidia wale ambao maisha yao ya familia yamepatwa na dhiki.

Yasome polepole. La kwanza na la tano yanagombania mlango mmoja.

Wanaotetea cheti huanza na kiapo. Umoja unaofundisha mabinti wa parokia kuhusu ndoa, wanasema, hauwezi kuongozwa na watu ambao wenyewe hawajaiingia. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini wana nyingine iliyo kali zaidi, nayo ni ya ardhi. Hapa Uganda, kukaa pamoja hakugeuki ndoa kisheria, hata miaka ikiwa thelathini. Mume akifa bila wosia, Sheria ya Mirathi ilivyorekebishwa mwaka 2022 inagawa mali hivi: watoto asilimia 75, mjane asilimia 20, ndugu waliomtegemea marehemu asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi huwekwa kando kwa ajili ya mjane na watoto. Lakini mjane ni yule tu aliyeolewa kwa ndoa inayotambuliwa. Aliyekuwa anaishi tu na marehemu hawezi kudai fungu la mjane. Kwa mtazamo huo, mama mzee anayemwambia mwenzake "nenda mkafunge ndoa kwanza" anaweza kuwa anamwokolea shamba la ndizi.

Ila hoja hiyo ina tundu. Sheria ya Uganda inaitambua pia ndoa ya kimila, na tangu 1973 kuna sheria ya kuisajili, kazi inayofanyika gombolola, yaani ofisi ya serikali ya eneo. Mwanamke aliyefanyiwa kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mume kwa wazazi wake, mahari ikapokelewa na wazee wakashuhudia, ni mke mbele ya hakimu. Mbele ya katibu wa Umoja si kitu bado. Kwa hiyo tusiseme daftari linalinda haki ya mjane. Linalinda aina moja ya ndoa, ya mke mmoja, na hilo kanisa lina haki ya kulitaka. Liseme hivyo waziwazi.

Upande wa pili huuliza swali ambalo halipendwi: nani kakataa kwenda kanisani? Mara nyingi ni mume. Ndoa ya kanisani inamfunga kwa mke mmoja, ile ya kimila inamwachia mlango wa kuongeza, basi anaahirisha. Mwaka huu kuna ada za shule, mwaka ujao kuna kaburi la baba la kujengea, mwaka wa tatu amekwisha kupata nyumba ndogo. Adhabu inamwangukia mama: haji kwenye Meza ya Bwana, haandikwi katika Umoja, na siku ya kuzikwa akina mama hawamsindikizi kwa sare. Baba yeye anaendelea kukaa kwenye kamati ya ujenzi. Nidhamu inayompiga asiye na uamuzi mkononi haiwezi kumrekebisha mwenye uamuzi, na hapa, kusema kweli, watetezi wa cheti hawajawahi kutoa jibu la kutosha.

Kuna pia mama aliyeachika, aliyezaa nyumbani kwao, na mke wa pili aliyeokoka baada ya kuolewa. Wote hao ndio wanaotajwa na lengo la tano. Swali ni kama wanasaidiwa wakiwa ndani au wakipelekewa sukari na sabuni wakiwa nje. Uingereza yenyewe, ambako sheria ya kuwafungia nje walioachika ilishikwa kwa miongo mingi, iliilegeza miaka ya 1970, na majimbo ya kanisa nje ya nchi hiyo yakaachiwa kujiamulia. Kwa hiyo anayesema "hivi ndivyo Umoja ulivyo tangu mwanzo" anaitetea desturi ya hapa. Ni halali kabisa kuitetea, mradi asiivike joho la katiba.

Halafu kuna suala la gomesi, linaloonekana dogo. Sare ya mwanachama ni vazi la mita kama sita za kitambaa, mabega yaliyochongoka, vifungo viwili kushoto mwa shingo, na mkanda mpana chini ya kiuno. Pamoja na mshono na beji, gharama yake inamfukuza mama maskini hata kama cheti anacho. Parokia zenye busara humruhusu avae beji tu mwaka wa kwanza. Zisizo na busara humkalisha benchi la nyuma, na mwaka wa pili haonekani.

Kinachonishawishi zaidi kuliko hoja za pande zote ni sanduku la akiba. Katika vikundi vingi vya kanisa linakaa mezani baada ya sala, na taratibu zake zinajulikana: watu 15 hadi 25, kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ambao si viongozi, kitabu cha kila mtu kinachopigwa muhuri kwa kila hisa, hisa moja hadi tano kwa kikao, mkopo usiozidi mara tatu ya akiba, mgawo baada ya miezi 9 hadi 12. Mwenye akiba ya shilingi 120,000 atakopa hadi 360,000. Sasa tazama wanaoizunguka meza hiyo. Wasio na pete wamo, wanaaminiwa na hela, wengine ndio wameshika funguo. Mezani wamekubaliwa, daftarini hawamo.

Hapo hapo ndipo mambo yanapoharibika, maana mifuko inachanganywa. Mchango wa mwaka wa uanachama una safari yake: kanisa dogo, parokia, uashidikoni (parokia kadhaa pamoja), dayosisi. Mfuko wa misiba ni wa dharura. Akiba ni ya wenye hisa. Fedha za dayosisi zikikopeshwa Aprili kwa matumaini ya kurudi Juni, au akiba ikachotwa kununua jeneza, siku ya mgawo watu hutoka nje wakitukanana, na wa kwanza kulaumiwa ni wale "wasio wanachama". Dawa ni vitabu vitatu, na muhtasari wa kikao uliotiwa sahihi kabla shilingi yoyote haijahama mfuko.

Msimamo wangu ni huu. Cheti kibaki sharti la uongozi na la kufundisha maandalizi ya ndoa. Sala, mafundisho ya malezi, mfuko wa misiba na sanduku viwe wazi kwa kila mama wa parokia anayetoa mchango, na jina lake liandikwe katika daftari lile lile, si kijitabu cha pembeni. Watetezi wataona hapo ndoa imeshushwa bei. Hatari hiyo ipo, ndiyo maana mlango ukifunguliwa lazima kuwe na mtu wa kumfuata mume, na kazi hiyo ni ya Umoja wa Akina Baba. Wamuulize kinachomzuia. Akisema ni gharama, aambiwe ukweli: kanisa linadai ubatizo, maandalizi, barua ya wazazi wa mke, matangazo Jumapili tatu na mashahidi. Mahema, keki na magari manne havimo. Ndoa za pamoja, jozi kumi au ishirini katika ibada moja, zimekwisha kuwatoa wengi kwenye kisingizio hicho.

Jambo moja la karani linasahauliwa na pande zote mbili. Kanisa linalofungisha ndoa linapaswa kuwa na leseni, na kila mwezi lipeleke taarifa za ndoa zake URSB, ofisi ya serikali ya usajili. Makanisa mengi huchelewa, mengine hayapeleki kabisa. Mjane anafika na cheti chake safi, karani anatafuta kwenye kumbukumbu, jina halipo, na mashemeji wako nje wanasubiri. Katibu wa Umoja anayedai kuona cheti kabla ya kuandika jina amuulize pia kasisi nakala yake ilipelekwa lini.