Wale 135,027 na hubiri la kujiajiri

Mwanzoni mwa 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ilitangaza nafasi 1,596 za kazi. Walioomba walikuwa 135,027. Takwimu hiyo ilizunguka mitandaoni kwa siku kadhaa, na lililovuma kuliko yote ni lile hubiri tulilolizoea: vijana wetu wanaabudu ajira, nusu yao tu wangefuga kuku nchi ingekuwa mbali. Tulilisikia hubiri hilohilo Juni 2014, pale vijana zaidi ya 10,000 walipojazana Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Miaka kumi na moja imepita, wahubiri wamebadilika, hubiri halijabadilika hata nukta.

Naomba tukae na namba hiyo kidogo, kwa sababu nadhani imesomwa kinyume.

Ukigawanya unapata watu 84 na ushee kwa kiti kimoja. Waliokosa ni 133,431. Sasa hao, Jumatatu iliyofuata baada ya majibu, walikuwa wapi? Hubiri linatuambia walirudi vibarazani kusubiri tangazo jingine. Siwezi kuwasemea wote. Ila ninaowajua mimi, mmoja ana shahada ya uhasibu na banda la miamala ya simu Tabata. Mwingine anaendesha bodaboda ya mkataba, ambayo bado hajamaliza kuilipia (siku hizi tunamwita afisa usafirishaji, cheo kizuri sana, kasoro mshahara). Binamu yangu anafundisha tuisheni Mbagala, watoto wa darasa la nne na la saba, sebuleni kwa mama yake. Wote watatu waliomba. Wote watatu walijiajiri kitambo, wala hakuna aliyewahamasisha, njaa iliwahamasisha. Kuwaambia watu hawa "jiajirini" ni kumwambia aliyelowa kwamba mvua inanyesha.

Kwa hiyo 135,027 haiwezi kuwa hesabu ya watu wanaokwepa kujiajiri. Nadhani ndani yake wamo wengi waliokwisha kuonja kujiajiri, wakajua kunavyolipa, na bado wakajaza fomu. Hicho ndicho kinachohitaji kuelezwa, na sioni anayehangaika kukieleza.

Wahubiri wana hoja, tena si nyepesi. Idadi wanayopenda kuitaja ya vijana wanaoingia kwenye soko la ajira kila mwaka ni kama 800,000, na hakuna serikali itakayowaweka wote kwenye orodha ya malipo. Enzi za kumaliza chuo ukakuta barua ya kupangiwa kituo inakusubiri zilizikwa na mageuzi ya miaka ya tisini. Isitoshe, aliyeajiriwa hashiki usukani wa safari yake. Waulize watumishi waliokuwa kazini mwaka 2016, zoezi la uhakiki wa watumishi lilipoanza na kupanda madaraja kukasimama. Kuna waliokaa daraja moja miaka na miaka wakati wenye sifa sawa nao mtaani wanafungua fremu ya pili, hadi ulipokuja utaratibu wa kuwapandisha kwa mserereko, yaani kuwarusha hadi daraja walilostahili kuwapo. Fundi makochi mzuri pale Keko haombi mtu ruhusa ya kupandisha bei yake. Na ni kweli pia kwamba kuna kusubiri kunakoozesha. Namfahamu kijana aliyekaa miaka minne akikataa kila kibarua kwa sababu hakifanani na shahada yake. Huyo sina neno la kumtetea.

Lakini mara nyingi huyo mmoja ndiye anayegeuzwa sura ya wote.

Tuulize mshahara unamfanyia nini mtu. Haumtajirishi. Kima cha chini serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, na kama ulisomea mkopo, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kabla hujauona. Mwenye genge lililochangamka anaweza kukuzidi. Tofauti inaonekana siku mnayoingia benki pamoja. Wewe una cheki namba, ile namba ya mtumishi kwenye orodha ya malipo ya serikali, afisa mikopo anaangalia mshahara, anahakikisha makato yatakuachia theluthi, na baada ya muda mfupi una milioni kadhaa za kulipa miaka mitano au zaidi. Mwenye genge anaulizwa hati ya nyumba. Hana. Anarudi mtaani kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kukamua, anakopa laki mbili, wiki hiyohiyo anaanza kukimbizana na marejesho, na asiporejesha wanabeba friji.

Ndiyo maana bajaji nyingi unazoziona zina mwalimu nyuma yake, na duka la dawa lina nesi, na vyumba vya kupanga vya pembezoni mwa mji vina karani wa halmashauri. Biashara hizo ambazo wahubiri wanazitolea mfano zilianzia kwenye mshahara. Kijana anayeomba kazi TRA huenda anaomba mtaji kwa njia pekee ambayo mtoto asiye na shamba la urithi anaijua.

Nitaambiwa kuna mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu, bila riba. Ipo, na ni jambo jema. Lakini ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024, na aliyekuwa amejipanga kuitegemea alijifunza kitu hapo katikati. Tena kwa kawaida inapitia vikundi. Ukitaka kusindika alizeti na wenzako wanne wanataka kuuza nguo, kikundi kinauza nguo.

Kuna namba nyingine ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwenye semina yoyote ya ujasiriamali: 84. Safari hii ni siku, zile za likizo ya uzazi yenye malipo anazopewa mwanamke aliyeajiriwa, na 100 akijifungua pacha. Mama lishe ana siku ngapi? Niliyekuwa nakula kwake asubuhi alirudi jikoni mtoto akiwa na wiki tatu, amemfunga kwa kanga mgongoni, moshi unawapata wote wawili. Angekaa zaidi wateja wangehamia banda la jirani, nami, nikiri, nilikuwa nimeshahamia. Binamu yangu ameolewa mwaka jana. Anapojaza fomu ya kazi anahesabu mambo ambayo mhubiri wa kiume mwenye suti hajawahi kuyahesabu. Pensheni nayo inataka michango ya miezi 180. Mfuko wa hifadhi ya jamii wa NSSF unapokea waliojiajiri, ni kweli, lakini mwenye kipato cha leo kipo kesho hakipo atazitoa wapi shilingi za ziada za kuwekea uzeeni?

Halafu kuna suala la kazi inayoridhisha moyo. Hapa wahubiri huwa na maneno matamu zaidi: fanya unachokipenda, uwe bosi wako mwenyewe. Binamu yangu anapenda kufundisha, na sebuleni pale anafundisha. Anachokikosa ni mwalimu aliyemtangulia miaka ishirini wa kumwambia somo la sehemu usilianzie ubaoni, lianzie na chungwa. Anakosa maktaba hata kama ni kabati moja, na mwenzake wa kulaumiana naye baada ya matokeo. Anaridhika, lakini hakui, naye anajua. Ufundi wowote hukua kwa kumtazama aliyekutangulia akikosea na kurekebisha, na mahali penye watu hao kwa kawaida ni pale penye ajira. Hata wale mafundi wa Keko wengi walianza kwa kupiga msasa karakana ya mtu.

Nakubaliana na wahubiri kwa jambo moja, nalo wanalisema kwa sauti ndogo mno: ajira haikukuzi yenyewe. Nimeona watumishi waliokabidhi maisha yao kwa afisa utumishi, wakashangaa baada ya miaka kumi kwamba hata barua yao ya kuthibitishwa kazini haimo kwenye faili. Anayejisimamia hutunza nakala zake, hujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, kwa wakati badala ya kubahatisha mwisho wa mwaka, hukumbusha kuhusu kubadilishiwa kada akishasoma, huomba kupelekwa kitengo chenye kazi ngumu. Ujasiri wa kujiajiri unahitajika humohumo ndani ya ofisi. Laiti semina zetu zingetoa nusu saa kwa hayo, ningehudhuria.

Kwa hiyo nikiulizwa kijana aombe au ajiajiri, najibu kwamba wengi wanafanya yote mawili kwa wakati mmoja, na hawakosei. Kosa nalihesabu kwa anayewataka wachague, hasa kama yeye mwenyewe hakuchagua.

Nasema hivyo kwa aibu kidogo. Miezi michache iliyopita nilikuwa Mbagala, nikamkuta binamu amekaa na watoto kumi na saba, wengine kwenye ndoo zilizogeuzwa. Nikaanza kumshauri: pangisha fremu, nunua madawati, tafuta mwalimu wa Kiingereza, mbona hii ni shule tayari. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, wewe ile stationari yako uliianza na nini?"

Niliianza na akiba ya mishahara ya miaka sita na mkopo wa benki. Nikamwambia hivyohivyo. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki. Aliniomba nikamskanie vyeti, dirisha la maombi lilikuwa linafungwa Ijumaa.