Besi haitambulishwi na haidroksaidi iliyobeba

Wanafunzi wengi wa sekondari hukariri kwamba besi ni kitu kinachotoa ioni za haidroksaidi (OH⁻) kikiyeyuka kwenye maji. Fasili hiyo ni ya Svante Arrhenius wa Uswidi, ya miaka ya 1880. Walimu wanaoing'ang'ania wana hoja: ni fupi, na kwa sodiamu haidroksaidi haina dosari. Ile ya protoni, isemayo kwamba besi ni kinachopokea protoni (ioni ya haidrojeni, H⁺), waliyoitoa wakemia Brønsted na Lowry kila mmoja kivyake mwaka 1923, wanaiona mzigo wa chuo kikuu.

Kwangu mimi, fasili ya zamani ndiyo inayomlemea mwanafunzi. Chukua magadi tunayotia kwenye maharage yaive upesi. Ni kabonati na bikabonati ya sodiamu, haidroksaidi haimo. Hata hivyo maji yake huteleza vidoleni na kugeuza litimasi nyekundu, kitambuzi cha asidi na besi, kuwa ya bluu. Sababu ni kwamba kabonati huyanyang'anya maji protoni, na kinachosalia cha maji ndicho haidroksaidi. Besi ni huyo mnyang'anyi.

Amonia inaonyesha jambo hili wazi zaidi. Fomula yake ni NH₃, haina oksijeni kabisa. Ili fasili isivunjike, ikaandikwa "amonia haidroksaidi", na chupa za maabara bado zina lebo hiyo. Sasa tazama kiyeyusho cha moli 0.1 kwa lita: katika kila molekuli 1,000 za amonia, kama 13 tu ndizo zimepokea protoni. Zile 987 zingali amonia ileile. Hizo 13 zinatosha kufikisha pH kwenye 11 hivi, na lebo haisemi lolote kuhusu zilizobaki. Tena, gesi ya amonia ikikutana hewani na ya haidrojeni kloraidi, hutokea moshi mweupe wa amonia kloraidi. Protoni imehama, haidroksaidi haikuhusika.

Ni kweli litimasi kavu haibadiliki ndani ya amonia kavu. Maji yana nafasi yake, na mengi ya darasani hufanyika majini. Naye mkemia Lewis, mwaka huohuo wa 1923, alitazama jozi ya elektroni: besi huitoa, asidi huipokea. Lakini alichopanua hasa ni orodha ya asidi, kwani kinachopokea protoni huipokea kwa jozi hiyohiyo.

Ningeanza na sodiamu haidroksaidi bila kinyongo. Ila siku amonia inapoingia darasani, protoni ifundishwe siku hiyohiyo, na lebo ya chupa isomeke "amonia katika maji".